Wiki mbili Uingereza na mama mkwe mwenye magoti mabovu: tulikolala, tulikojuta

Ngazi 58. Mwanangu ndo alizihesabu, usiku wetu wa kwanza London, tumetoka uwanja wa ndege tumechoka hoi, masanduku manne, mume wangu kabeba mawili kashaanza kuhema, na mama mkwe yuko mbele kashika ukuta, kila akifika kwenye kona anageuka ananiangalia bila kusema neno. Mnaojua mama wakwe mnajua yale macho. Hoteli niliichagua mimi.

Picha zake zilikuwa nzuri sana jamani. Nyumba ya zamani, nguzo nyeupe mlangoni, maua dirishani, mtaa mzuri karibu na Paddington, bei pauni 118 kwa chumba na waliolala kabla wameipa nane na kitu kwa kumi. Sasa London maeneo kama Paddington, Bayswater, Earl's Court na nyuma ya steshoni ya Victoria yamejaa hoteli za namna hii, ni nyumba za familia za enzi za Malkia Victoria zimekatwakatwa vyumba, nyembamba zinaenda juu tu, na nyingi hazina lifti. Wameandika kabisa, ila wameandika chini kule kwenye maelezo marefu ambayo hakuna mtu anasoma. Mi sikusoma.

Tulikuwa na vyumba viwili, kimoja ghorofa ya nne na kingine 'lower ground floor', mi nikadhani hiyo ndo ya chini, afadhali mama akae huko. Kumbe manake ni chini ya barabara! Ni chumba cha shimoni, dirisha linatazama ukuta na mapipa ya taka, mchana kweupe unawasha taa. Mama kuchagua kati ya shimo na mlima akachagua mlima, akasema bora afe karibu na mbingu. Hela hairudi kwa sababu nilichukua ile bei ya chini isiyobadilishwa. Hapo ndo nilipata somo la safari nzima, na ndo maana naandika haya, manake watu wengi wananiuliza inbox "ulilala wapi" wakati swali lenyewe ni ulishukia wapi na ulipanda ngazi ngapi.

Asubuhi yake tukahamia King's Cross, Premier Inn. Najua kuna watu watasema umeenda Uingereza yote hiyo unalala kwenye hoteli ambayo iko kila mji na vyumba vyote vinafanana, zambarau tupu, ndiyo, nilalie niamke nitoke nikaone mji, sikuja kuangalia shuka. Kuna lifti, kitanda kikubwa, birika la umeme na majani ya chai na maziwa ya vile vikopo vidogo, na kama una watoto, mtu mzima akinunua kile kifungua kinywa kamili watoto wawili chini ya miaka 16 wanakula bure. Mwanangu alikula panikeki siku tatu mfululizo kama hana wazazi.

Mama tulimwombea chumba cha watu wenye shida ya kutembea, hakuna kizingiti bafuni, kuna vyuma vya kushikia, kiti cha kukalia ukioga. Sasa bafu za Uingereza taa unawasha kwa kuvuta kamba inayoning'inia kutoka darini, na chumba kile kina kamba mbili, nyeupe ya taa na nyekundu ya dharura. Mama saa kumi usiku anaamka kuchukua udhu, kavuta nyekundu. Mlio uliopigwa hapo! Mtu wa mapokezi kaja mbio anagonga mlango, mama ndani kajifunika kanga anasema kwa Kiswahili "sijaiba kitu". Yule kijana hakuelewa lakini alicheka kwa adabu, akamwonyesha kamba ya taa, akaondoka. Kwa hilo tu nawapa tisa kwa kumi.

Kwanini King's Cross na sio karibu na Big Ben? Kwa sababu pale ukitembea dakika chache una steshoni tatu, King's Cross treni za York na Edinburgh, St Pancras za Paris, Euston ndo za upande wa magharibi kuelekea Lake District (kule kwenye maziwa na milima) na Glasgow. Siku ya kuondoka hamna kuburuza masanduku kwenye Tube, yaani treni za chini ya ardhi, saa ya watu kwenda kazini. Na Tube yenyewe mjue vituo vingi ni vya zamani mno havina lifti, Covent Garden pale ukikosa lifti kuna ngazi 193, kwa hiyo angalia kwenye ramani alama ya kiti cha magurudumu. King's Cross iko sawa. Ukitoka Heathrow laini ya Elizabeth (ilifunguliwa 2022, bado inang'aa) ina lifti na inakupeleka mpaka Paddington kama nusu saa hivi, ukiendelea nayo unafika Whitechapel. Na kama suala lako kubwa ni chakula cha halali, lala huko huko Whitechapel, msikiti mkubwa wa East London upo barabarani pale na migahawa imepangana, hutohangaika. Tungekuwa bila mtoto ningelala huko.

Usilipe tiketi ya siku ya usafiri, gusa kadi yako ya benki tu, wanahesabu wenyewe na ikifika kiwango cha siku inaacha kukata. Ila kila mtu na kadi yake, mume wangu aligusa kadi moja kwa ajili ya watu wawili akashangaa mashine inamkatalia.

York sasa. Kutoka King's Cross ni kama masaa mawili, tiketi nilinunua mapema zile za treni maalum kwa saa maalum, ukisubiri siku ya safari bei inauma mpaka mifupa. York tulilala B&B, yaani nyumba ya mtu, anakulaza na anakupikia chai ya asubuhi, mtaa wa Bootham, hapo na mitaa ya jirani zimejaa. Nikapiga simu kabla, SIMU, sio apu, nikauliza mna chumba cha chini, ngazi ngapi mlangoni, mama yangu magoti. Akapokea bibi mmoja sauti ya taratibu, akaniambia ngoja nikahesabu. Akaacha simu akaenda kuhesabu! Mbili, akasema, na ya pili ni fupi.

Yaani nikianza kuelezea yule bibi hatutamaliza. Jioni anakupa kakaratasi unaweka alama unataka nini asubuhi na saa ngapi. Sasa hapa Waislamu na msiokula nguruwe sikilizeni, kifungua kinywa chao kile kamili ni mayai, maharage ya nyanya, uyoga, nyanya ya kukaanga, mkate, na soseji na bekoni ambazo karibu kila mahali ni nguruwe, na wengine wanaongeza ile soseji nyeusi ambayo ni damu. Usione aibu, waambie siku ya kwanza. Bibi alipika vyetu kwenye kikaango tofauti, akaja kutuonyesha kikaango chenyewe ili mama aamini. Mama akakikagua kama askari wa forodha, akakipitisha.

Vyumba vya B&B usitegemee makubwa. Zulia la maua, pazia la maua, shuka la maua, unajihisi umelala bustanini. Sinki ina mabomba mawili, la moto linaunguza na la baridi linagandisha, hakuna katikati, mama akawa anachanganya kwenye kikombe. Alafu hili la kopo la chooni nalisema mara moja tu: beba la kwako. Hakuna hoteli, hosteli wala nyumba tuliyokuta nayo.

Kutoka steshoni mpaka pale ni robo saa kwa miguu, unavuka mto Ouse kwa daraja la Lendal, ukuta wa zamani wa mji unauona, kengele za Minster, kanisa lao kuu, zinakuamsha. Makumbusho ya reli iko karibu na steshoni na kuingia ni bure, mtoto tulimtoa kwa nguvu. Pauni 95 kwa vyumba vya watu wawili pamoja na chakula, nililipa bila kinyongo. Kumi.

Edinburgh nitaeleza haraka kidogo. Kwanza usiende Agosti kama hujajipanga, ndo mwezi wa yale matamasha ya sanaa, lile la Fringe lipo tangu 1947 na mji mzima unafurika, kitanda cha hosteli kinauzwa bei ya hoteli. Sisi tulienda Juni. Pili ule mji wa zamani ni mzuri kuutazama ila ni kilima na vichochoro vya ngazi, ukishuka steshoni ya Waverley kila upande unapanda, mtu mwenye magoti usimlaze huko hata ukipewa bure. Tukakaa Leith kule baharini, tramu siku hizi inatoka uwanja wa ndege inapita katikati ya mji mpaka Leith na Newhaven, tangu 2023, unashuka mlangoni. Tulichukua apatimenti ya chini kabisa yenye mlango wake barabarani, wenyewe wanaita 'main door', hilo neno ukiliona kwenye tangazo la nyumba za Uskoti shika haraka, manake ghorofa zao za mawe nyingi zina ngazi za kuzunguka na lifti hamna. Angalia pia kama tangazo lina namba ya leseni, Uskoti mwenye nyumba ya kupangisha wageni lazima awe nayo, bila namba achana naye. Na kwa bajeti zenu, kuanzia tarehe 24 Julai 2026 Edinburgh wanatoza asilimia 5 juu ya bei ya chumba kwa usiku 5 wa kwanza. Manchester walishaanza siku nyingi, 2023, pauni 1 kwa chumba kwa usiku, ila wao sio hoteli zote.

Kilichotushinda Leith ni mwanga. Juni kule jua linazama karibu saa nne usiku na linachomoza saa kumi na nusu alfajiri, na pazia za ile nyumba zilikuwa kitambaa cha leso. Mama kakaa na msala wake anasubiri magharibi, anasubiri, saa mbili, saa tatu, ananiuliza "hili jua limeharibika?" Mtoto hataki kulala anasema bado mchana. Beba kitu cha kufunika macho. Nyumba naipa saba, pazia nazipa mbili.

Tukashuka Lake District. Treni mpaka Oxenholme, unabadilisha ya Windermere, pale nje ya steshoni kuna basi 555 na lile la ghorofa lisilo na paa la 599, unafika Ambleside. Mabasi ya England nauli ya safari moja wameiwekea kikomo, ilikuwa pauni 2, kuanzia Januari 2025 ni pauni 3, hata uende mbali. Hapa ndo nilikuwa na wasiwasi kuliko kote kwa sababu nilichagua hosteli. Mama mkwe. Hosteli. Mume wangu aliniambia hii ni juu yako peke yako.

Hosteli ya YHA (shirika la hosteli la huko) ya Ambleside iko ukingoni mwa ziwa Windermere, yaani sio "karibu na ziwa" ya matangazo, ukitupa jiwe linaingia majini na boti za kwenda Bowness zinaondokea hapo jirani. Hizi hosteli zipo tangu 1930 na sio za vijana tu tena, unachukua chumba cha familia peke yenu, sio lazima uwe mwanachama. Vitanda ni vile vya juu na chini, mama chini, mtoto juu, hawa wawili walipiga stori mpaka usiku nikasikia mama anamfundisha vitendawili. Kuna chumba cha kukaushia nguo na viatu, na mkiona mvua ya huko mtaelewa kwanini, tulinyeshewa siku mbili kati ya tatu, ya tatu ilikuwa mawingu yanajipanga. Lakini hosteli nyingi za YHA zina jiko la wageni na hapo ndo mama alirudi ujana. Kanunua mchele, vitunguu, samaki, akapika, harufu ikatembea korido nzima, wazee wawili wa kizungu waliotoka kupanda mlima na soksi zao zimelowa wakaja kusimama mlangoni wanajifanya wanatafuta chumvi. Akawapakulia. Usiku wa pili walikuja na keki.

Tulilipa pauni 74 usiku kwa chumba cha watu wanne. Godoro ni jembamba, sisemi uongo, na milango inabamizwa asubuhi. Nane. Kama una gari kuna hosteli zao nyingine ziko ndani huko milimani, bila gari baki Ambleside, Windermere, au Keswick, ingawa Keswick treni iliacha kufika tangu 1972 unategemea basi tu.

Halafu Cotswolds, kule kwenye vijiji vya mawe, na hapa naomba mnisamehe kwa sababu kosa la Paddington nililirudia kwa nguo nyingine. Picha tena. Kijumba cha mawe rangi ya asali, mawaridi mlangoni, kondoo nyuma ya nyumba, nikasema hii ndo Uingereza yenyewe. Tulishuka treni Moreton-in-Marsh vizuri tu, kumbe kijumba kiko kilomita 7 ndani, tangazo lilisema "dakika 10 kutoka mjini", hawakusema dakika 10 za gari. Sisi hatuna gari. Teksi ya kwanza niliyopiga ikasema labda kesho. Ya pili ilikuja baada ya saa nzima na kidogo, ikatukata pauni 28.

Tulifika Jumapili jioni. Andikeni hili mahali: Jumapili jioni kijijini Uingereza usifike na njaa. Mabasi Jumapili ni ya kubahatisha, duka dogo limefunga, pabu iko wazi lakini jiko lao limefungwa toka mchana, wanauza vinywaji na krispi. Hata siku za kawaida majiko ya pabu yanafunga saa tatu hivi usiku, ukichelewa ni shauri yako. Tulikula krispi ladha nne tofauti na biskuti za ndege. Mtandao wa simu hakuna, waifai ipo ukisimama jikoni karibu na friji. Mume wangu kajigonga boriti ya dari mara tatu, nyumba imejengwa kwa ajili ya watu wafupi wa karne zilizopita. Ngazi ya kwenda vyumbani ni kama ya kupandia mnazi, mama akalala sebuleni kwenye kochi.

Mwenye nyumba nilimwandikia, akajibu kwamba wageni wengi "wanapenda utulivu". Utulivu upo, siwezi kukataa. Nne, na hizo nne ni za kondoo.

Ningerudi Cotswolds ningelala Moreton-in-Marsh hapo hapo, kuna steshoni ya moja kwa moja mpaka Paddington kama saa moja na nusu, kuna maduka, Jumanne kuna soko, na basi 801 linakupeleka Stow na Bourton-on-the-Water unazunguka mchana unarudi. Vyumba vya juu ya pabu ni vizuri pia na chakula kiko chini, ila uliza chumba kiko juu ya nini, juu ya kaunta hamlali mpaka wafunge. Hivyo vijumba vya picha ni vya wenye magari, na wengi wanapangisha wiki nzima Jumamosi kwa Jumamosi kipindi cha likizo za shule, kuanzia mwisho wa Julai mpaka Septemba mwanzoni, kipindi ambacho kila kitu kinapanda.

Kitu kingine nilisahau kule juu, kama unaomba viza chukua vyumba vya kughairi bure mpaka viza itoke, ongezeko ni pauni kadhaa tu kwa usiku. Na kuingia chumbani kwao ni saa tisa alasiri hivi, kutoka ni saa nne au tano asubuhi, lakini karibu wote wanakubali kukuhifadhia masanduku. Isipokuwa kijumba cha kondoo.

Watu wa vyuo, kiangazi wanafunzi wakiondoka vyuo vingi London, Oxford, Edinburgh vinapangisha mabweni kwa wageni, safi, rahisi, kitanda cha mtu mmoja. Mi sijalala, rafiki yangu kalala akasifia.

Mama mkwe nilimuuliza uwanjani Heathrow tukisubiri ndege, mama, tukija tena tulale wapi. Nilijua atasema York kwa yule bibi. Akasema York, ndiyo, lakini siku mbili tu, zilizobaki arudishwe kwenye ile nyumba ya vitanda vya juu na chini kwa sababu wale wazee wawili hajawafundisha pilau.

Alafu akanigeukia. "Na wewe usichague tena kwa picha."